Tupeane uzoefu: Uliwahi kutetewa na wakili aliyepangwa na Mahakama?

Mama Tunu: Wakuu, leo nimepita mahakamani nikakuta karandinga inashusha mahabusu. Mama mmoja anakimbia na mfuko wa chapati, askari kamzuia. Nikakumbuka kesi ya kaka yangu aliyeshtakiwa kwa mauaji, hatukuwa na hata nauli, sembuse wakili. Waliopitia haya waseme.

Mzee wa Ngano: Mimi nilikaa mahabusu miaka minne, "upelelezi haujakamilika". Asubuhi ya kesi Mahakama Kuu akaja kijana kavaa joho, anasema ndiye wakili wangu, analipwa na serikali. Nikajua huyu ni wao! Akaniuliza usiku ule nilikuwa wapi, nikanyamaza. Shahidi wa kwanza akaapa aliniona na panga. Wakili akasimama: "Mheshimiwa Jaji, sina swali." Miguu ilikufa ganzi kizimbani. Kumbe usiku huo nilikuwa zahanati na mtoto, malaria imempanda. Jioni mke wangu akamletea wakili daftari la mtoto, lile la shule, nesi kaandika tarehe na saa kwa kalamu nyekundu. Kesho yake shahidi akaitwa tena, na nesi akaja. Nikaachiwa.

Binti Kilosa: Pole sana baba. Hilo la kumdhania wakili wako kuwa yuko upande wa serikali limewaponza wengi.

Fundi Seremala: Hao wanatimiza idadi tu. Wangu aliniita kwa jina la mshtakiwa mwenzangu siku nzima. Uzeni hata bati, mtafute wenu.

Wakili Kijana: Usitujumlishe kaka. Jalada nilikabidhiwa kikao kimekaribia, gerezani nikaenda mara mbili kwa nauli yangu.

Fundi Seremala: Mara mbili, kwa mtu anayekabiliwa na kunyongwa?

Wakili Kijana: Ni chache, nakubali. Ndiyo maana nawaomba mseme mapema. Utetezi wa "sikuwepo" unatolewa taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, ukichelewa sana basi kabla Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haijafunga ushahidi. Baada ya hapo Mahakama inaweza isiupe uzito.

Mama Tunu: Na msiuze shamba! Sisi tuliuza, wa kulipwa akaingia mitini.

Otieno wa Kondele: Huku Kenya haki ya kupewa wakili na serikali iko kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 50(2)(h), na lazima uelezwe haki hiyo mapema. Shangazi yangu hakuelezwa. Alijitetea peke yake, akafungwa.

Jirani Mwema: Kwetu Tanzania wengi hudhani wakili wa hivi ni wa kesi za mauaji tu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu hakimu pia kuelekeza usaidiwe, akiona huna uwezo na haki inadai hivyo. Simama uombe.

Fundi Seremala: Hilo sikulijua.

Dada Rehema: Mdogo wangu kesi inatajwa Alhamisi. Karatasi za hospitali nimpe nani, askari?

Mzee wa Ngano: Wakili, mkononi mwake. Toa kopi kwanza, mwanangu, ile halisi ilale kwako mpaka itakapotakiwa.