Kazi ni huria, ufunguo uko kwa kampuni. Naomba ushauri

MwalimuWaAhero (Jumatano, saa 3:12 usiku)

Hamjambo ndugu zangu. Mnivumilie, naandika nikiwa bado na hasira.

Sisi ni walimu kumi na mmoja wa sekondari msingi kutoka Kisumu, Siaya na Vihiga. Gredi ya 7 ilipoanza mwaka wa 2023 vitabu vilichelewa kutufikia, tukaanza kujiandikia masomo ya Hisabati na Kilimo. Tunayatoa kwa leseni ya Creative Commons, ile ya BY-SA: chukua, badilisha, chapisha, hata uza, mradi utaje walioandika na kazi yako nayo uitoe kwa leseni iyo hiyo.

Sasa aibu yenyewe. Masomo yote yako kwenye huduma ya mtandaoni ya kampuni fulani, ya bure, ambapo tunaandika pamoja katika hati moja. Folda ilifunguliwa na mwenzetu kwa akaunti aliyopewa na shule yake. Januari akahamishwa, shule ikafunga akaunti. Jumamosi nilikuwa saiba pale Kondele kuchapisha somo la udongo, nakala 46. Nikabonyeza kiungo, ukaja ukurasa mweupe: omba ruhusa kwa mwenye hati. Mwenye hati ni akaunti iliyokufa! Na juu ya somo lenyewe tuliandika kwa herufi nzito HURU KWA WOTE. Kijana wa saiba akaniuliza, "Mwalimu, tungoje ama nihudumie huyu mwingine?"

Hati zilikuwa 63. Kwenye simu na flashi za watu tumeokota 41, nyingi PDF ambazo huwezi kuzihariri. Kikundi kimegawanyika. Kuna wanaosema tuhame kabisa, kazi huria haiwezi kulala nyumba ya kampuni. Wengine wanasema walimu wote wako huko, tukihama tutabaki watatu. Tunakutana Jumamosi hii na mimi ndiye mwenyekiti. Nisimame upande gani?

Fundi_Kibuye (saa 3:40 usiku)

Pole sana mwalimu. Lakini tusidanganyane, mlilima shamba la wenyewe.

Watu wa Linux, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta, yaliwakuta haya haya. Walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kampuni ya kutunza mabadiliko ya kazi ya watu wengi, bila kulipa. Wapo waliopiga kelele kwamba mradi huria haufai kutegemea chombo cha aina hiyo, lakini chombo kilifanya kazi vizuri, kikaendelea kutumika. Mwaka wa 2005 ile ruhusa ya bure ikaondolewa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaketi mwezi wa Aprili akaandika Git, chombo chao wenyewe cha kazi iyo hiyo. Haya, wewe ukifungiwa utaketi uandike nini?

Hameni. Wekeni seva yenu, Nextcloud ya kuhifadhi faili, Moodle ya masomo. Zote ni programu huria.

Mama_Kakamega (saa 4:05 usiku)

Mulembe. Kaka Fundi, seva ni tamu ukiwa mjini. Mwenzangu huku Shinyalu ana simu moja, kioo kimepasuka kuanzia kona hadi kona, na bando la shilingi 20 analinunua kwa ajili ya WhatsApp tu. Somo likiingia hapo, kesho liko ubaoni. Nikimwambia kuna tovuti mpya, akaunti mpya, paswadi mpya, ananijibu "sawa madam" na simsikii tena.

Odongo_Pacha (saa 4:11 usiku)

Si mfungue chaneli ya Telegram? Faili kubwa zinapita bila shida.

Fundi_Kibuye (saa 4:13 usiku)

Omera, Telegram ilifungiwa humu nchini Novemba 2024, KCSE ikiendelea. Somo la Kilimo lingoje mtihani uishe?

AdminMstaafu_Nakuru (Alhamisi, saa 12:20 asubuhi)

Nimesoma uzi huu nikacheka, kisha nikanyamaza. Mimi ndiye Fundi wa miaka sita iliyopita.

Tulikuwa na Moodle yetu hapa Nakuru, ndani ya kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza ya ofisi, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi. Programu zote huria, kuanzia Linux kwenda juu. Nilikuwa najivunia kama baba wa bibi harusi. Kisha nikapata kazi Eldoret. Stima ikawa inapotea na kurudi, diski ikafa. Chelezo, ile nakala ya akiba? Ilikuwa kwenye diski iyo hiyo, msinicheke. Paswadi niliijua mimi peke yangu. Hakuna kampuni iliyotufungia mlango, nilitoka nao mfukoni.

Kwa hiyo mwalimu, mimi nisingeanza na swali la chombo ni cha nani. Ningeuliza: kesho asubuhi tukitaka kubeba kila kitu tuondoke, kuna mtu tutakayempigia magoti? David Wiley, aliyeorodhesha haki nne za rasilimali huria za elimu (kutumia, kubadilisha, kuchanganya na kusambaza), aliongeza ya tano mwaka wa 2014: haki ya kuwa na nakala yako na kubaki nayo. Hiyo ndiyo mliyoikosa pale Kondele.

Endeleeni kuandika huko mlikozoea kama ndiko watu waliko. Lakini nakala kuu isikae huko. Kila somo likikamilika, mtu alipakue kama ODT, faili inayoweza kuhaririwa, siyo PDF peke yake. Majina ya walioandika na leseni viandikwe ndani ya hati yenyewe, maana ile historia ya nani alihariri nini inabaki kwenye seva ya kampuni, na leseni yenu inadai watu watajwe. Kisha nakala moja kwenye diski Kisumu, nyingine Vihiga, na nyingine mpandishe Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ambako yeyote anapakua bila akaunti. Akaunti iwe ya kikundi, funguo wapewe watu wawili wasiofundisha shule moja.

MsomaSheria (saa 1:55 asubuhi)

Naongeza mawili. La kwanza, wanafunzi wasifunguliwe akaunti kwenye huduma hizo ili tu wasome. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na sidhani kama mna fomu hizo.

La pili, hizo hati 22 zilizopotea msizililie bado. Creative Commons ukishaitoa huirudishi, na kila aliyepata nakala ana haki ya kuigawa bila kuwauliza. Tangazeni. Kazi iliyotoka kwa leseni hiyo mara nyingi iko mahali, kwenye kompyuta ya mtu msiyemjua.

Mama_Kakamega (saa 2:10 asubuhi)

Hapo kwa ODT, mtoe na PDF pia jamani. Simu ya yule wa Shinyalu haitaifungua ODT.

AdminMstaafu_Nakuru (saa 2:14 asubuhi)

Kweli madam. Zote mbili.

MwalimuWaAhero (saa 7:30 mchana)

Nimesoma yote wakati wa chakula. Fundi, seva sijaikataa, lakini kati yetu kumi na mmoja hakuna hata mmoja anayeweza kuilea, na sitaki iwe yangu nikihamishwa. Nitapeleka pendekezo la Admin. Kuhusu zilizopotea, tangazo naliweka hapa hapa: tunatafuta Kilimo Gredi ya 7, udongo, mboji na kuvuna maji ya mvua, na Hisabati Gredi ya 8, karibu masomo yote ya sehemu (nusu, robo na kadhalika).

Nyar_Yala (saa 10:48 jioni)

Mwalimu, hatujuani, mimi nafundisha Luanda. Hiyo ya udongo ninayo tangu mwaka juzi, niliipata kwa rafiki. Niliongeza zoezi la kuchimba udongo wa kando ya mto Yala na kuutia kwenye chupa ya maji upangike tabaka. Ni ya kuhaririwa, siyo PDF, na majina yenu sikuyatoa. Ya mboji pia iko. Nitume wapi?

MwalimuWaAhero (saa 10:51 jioni)

Dada, Mungu akubariki. Nakutumia nambari kwa ujumbe wa faragha. Tuma kwa WhatsApp.

Fundi_Kibuye (saa 10:52 jioni)

😂 Haya. Lakini ikiingia tu, itoe hapo.