Je, tununue kifaa cha kwanta ili kulinda faili za wagonjwa?

Fundi_Ibanda (Bukavu):
Habari zenu, ndugu. Ninasimamia seva ya kituo cha afya, na kila usiku tunatuma nakala ya faili za wagonjwa Ubelgiji kupitia SSH, njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa siri. Muuzaji mmoja amemshawishi mkurugenzi wetu kwamba kompyuta za kwanta, zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana, zitavunja kila aina ya usimbaji wa kuficha data, na kwamba kinga pekee ni kifaa chake kinachosambaza funguo za siri kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Je, tukinunue?

Kamalondo_K (Lubumbashi):
Msikinunue, ndugu. Kifaa cha namna hiyo, kinachofuata wazo la wanasayansi Bennett na Brassard la mwaka 1984, hudai fiba maalumu au setilaiti, kwa kuwa fotoni hupotea njiani. Na hata hapo mtahitaji njia nyingine ya kuhakikisha aliye upande wa pili ni nani. Hapa kwetu hata umeme wa kuwasha ruta ni wa kubahatisha!

Hata hivyo, hofu yenyewe si ya bure. Algoriti ya mwanahisabati Peter Shor ya mwaka 1994, ikiendeshwa kwenye kompyuta ya kwanta, inatishia RSA na njia nyingine zilizozoeleka za kubadilishana funguo, ingawa AES-256, usimbaji unaofunga data yenyewe, bado ni imara. Kompyuta yenye uwezo huo haijajengwa, lakini anayenasa mawasiliano yenu leo anaweza kuyahifadhi hadi ijengwe, na majibu ya kipimo cha ukimwi cha kijana wa miaka 20 yatastahili kuwa siri hata akifika 50.

Dada_Seva (Goma):
Kwa SSH dawa ipo tayari, tena ni bure. Tangu toleo la 9.0 la Aprili 2022, OpenSSH, programu ya SSH inayotumika sana, huanza na ubadilishanaji wa funguo wa mseto (njia ya zamani na mpya kwa pamoja) unaostahimili kwanta. Unganisha kwa `ssh -v`, kisha usome mstari wa `kex: algorithm`, unaotaja njia ya kubadilishana funguo.

Fundi_Ibanda:
Asante, dada. Mstari umeandikwa `curve25519-sha256`, yaani njia ya zamani peke yake; seva yetu ina toleo la 8.2. Lakini kwa nini mseto, badala ya njia mpya peke yake?

Dada_Seva:
Kwa sababu njia mpya nazo huanguka: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, waliivunja SIKE, mojawapo ya njia hizo mpya, kwa takriban saa moja, kwa kompyuta ya kawaida. Katika mseto, adui lazima avunje zote mbili. Pandisheni toleo sasa. Funguo za utambulisho, zinazothibitisha kwa sahihi ya kidijitali nani ni nani, zinaweza kusubiri, kwa maana sahihi itakayoghushiwa miaka ijayo haiwezi kuingia katika muunganisho uliokwisha kufungwa.