Wanaume wa mageto vyuoni: kazi za mke mnazitaka, ukiwauliza mna uhusiano gani mnasema "tusikimbizane"

Wakuu, nina hasira na leo sizunguki.

Kijana anapanga chumba mtaani karibu na chuo, anamwambia binti wa watu sogea tuishi. Kuanzia wiki hiyo binti ndiye mpishi, ndiye dobi, na asaimenti za jamaa anaandika yeye. Godoro limenunuliwa kwa boom, hela ya mkopo wa chuo, la nani? La binti. Gesi ikiisha, binti. Luku ya umeme ikikata, binti. Wakikutana na washikaji njiani, jamaa anasema, "Huyu tunasoma wote."

Ninayemsema ni rafiki yangu, tulikaa chumba kimoja hosteli mwaka wa kwanza. Bodi ya Mikopo inatoa shilingi 10,000 kwa siku za kula na kulala. Za mtu mmoja! Yeye alizilishia watu wawili, masomo yakayumba mpaka akaanza kupata sup, yaani kurudia mitihani aliyofeli, kitu ambacho hakikuwa chake kabisa. Jamaa kamaliza UE, mitihani ya mwisho wa muhula, kafunga begi, kaenda kwao. Alipoulizwa akajibu WhatsApp: "Kwani tulikubaliana nini?" Mwenye nyumba sasa anamdai kodi aliyebaki.

Msije hapa na "alijipeleka mwenyewe". Alijipeleka, sawa. Kila jioni alipokuwekea ugali mezani mbona hukumwambia arudi hosteli? Kutotaka ndoa si kosa. Una miaka 22, kazi huna, hutaki kufungwa, sema kabla hajahamisha nguo zake. Ukinyamaza kwa sababu unakula bure, huo ni wizi.

Na hizo P2, vidonge vya kuzuia mimba baada ya tendo! Mnatoa hela ya kidonge mnajiona mmetimiza wajibu. Ni dawa ya dharura, humezwa mapema ndani ya saa 72, na haizuii VVU wala kaswende. Kondomu hamtaki eti mnaaminiana. Unaaminiana vipi na mtu unayemkana mbele ya rafiki zako?

Dada zangu, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakawajua kama mke na mume, mahakama huchukulia mmeoana mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Wengi mnashikilia hiyo miaka miwili tu, mnasahau hapo kwenye kujulikana. Huyo asiyetaka majirani wakuite shemeji, anayekuficha kila mgeni akija, kesho atasimama aseme ulikuwa unakuja kujisomea. Na mashahidi atawapata, maana ndivyo alivyowaambia siku zote.

Wewe jamaa mwenyewe, najua unapita humu. Kodi ya miezi mitatu na hela ya godoro. Mtumie leo.