MJADALA: Meya akishaondoka, saini yake iendelee kulibana jiji hadi lini?

Mtoa mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila kutupiana vyama. Meya anachaguliwa kwa miaka minne. Kwa nini aruhusiwe kulifunga jiji kwa miaka 75?

Sijaitunga miaka hiyo. Februari 2007 wakazi wa Chicago walimrudisha meya wao, Richard M. Daley, kwa takribani asilimia 71 ya kura. Desemba 2008 akapeleka barazani mkataba wa kukodisha mita za maegesho ya barabarani, takribani 36,000, kwa wawekezaji binafsi hadi 2083. Jiji likapewa kama dola bilioni 1.15 kwa mkupuo. Madiwani walikuwa na siku chache tu za kuusoma. 40 wakaunga mkono, 5 wakakataa. Mwaka uliofuata ofisi ya mkaguzi mkuu wa jiji ikasema jiji limepunjwa si chini ya dola milioni 974. Fedha zenyewe nyingi ziliishia kuziba mapengo ya bajeti. Daley akaondoka 2011.

Ada zilipanda, lakini hilo naliona dogo. Kinachoniuma ni kwamba jiji likitaka kuondoa maegesho ili lipitishe njia ya basi au baiskeli, linadaiwa fidia ya mapato ambayo mwekezaji atayakosa. Barabara ya wananchi, na kuipanga upya wanailipia! Meya aliyemfuata, Rahm Emanuel, alijadiliana upya 2013, akapata Jumapili za bure katika mitaa mingi, na kwa upande wa pili saa za kulipia zikaongezwa. Mameya waliofuata, Lori Lightfoot na Brandon Johnson, nao wakaurithi mkataba uleule.

Nasema hivi: mali ya umma isiuzwe wala kukodishwa kupita muhula wa meya bila wananchi wenyewe kuipigia kura.

Mchangiaji wa kwanza

Hapana, mkuu. Mchuma janga hula na wa kwao. Hiyo asilimia 71 haikushikiwa fimbo. Halafu ukidai kura kwa kila jambo la muda mrefu, reli na mabomba ya maji havitajengwa, kwa sababu mikopo yake hailipwi ndani ya miaka minne. London, meya Ken Livingstone alianzisha ushuru wa msongamano, yaani ada ya kuingiza gari katikati ya jiji, Februari 2003 watu wakinung'unika. 2004 wakamchagua tena. Meya huwekwa pale ili aamue.

Mtoa mada

Huo mfano wa London mimi naupokea kwa mikono miwili. Livingstone aliitangaza nia hiyo kabla ya uchaguzi wa 2000, watu wakachagua wakijua. Ushuru ulipopanuliwa kwenda magharibi 2007, waliochukizwa walikuwa na pa kwenda: Boris Johnson alimshinda Livingstone 2008, na mwanzoni mwa 2011 eneo lile likaondolewa. Chicago wamechagua meya 2011, 2015, 2019 na 2023, na mita ziko palepale.

Reli ni tofauti. Deni likiisha, reli inabaki kwako. Hapa ni mapato ndiyo yanayoondoka. Na hao "wa kwao" uliowataja ni pamoja na mtoto aliyezaliwa Chicago 2008, ambaye mkataba ukiisha atakuwa mzee wa miaka 75. Yeye alichuma nini?

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono hoja, ila kura yako ya wananchi inanitia wasiwasi. Paris waliulizwa Aprili 2023 kuhusu skuta za umeme za kukodi. Waliojitokeza hawakufika asilimia 8. Mwekezaji mwenye fedha anaweza kuwakusanya wachache hao na kushinda.

Mtoa mada

Hapo umenipata, na narekebisha. Kura hiyo ifanyike siku ya uchaguzi mkuu tu, na mkataba uwekwe wazi miezi kadhaa kabla. Los Angeles walihamishia uchaguzi wa meya kwenye mwaka wa uchaguzi wa kitaifa, na 2022 kura za meya zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za 2013. Mchangiaji wa kwanza, kwa sharti hilo bado unapinga? Na kama unapinga, kwako miaka mingapi ndiyo kikomo?