Hell Let Loose: Garisoni inakataa kujengwa, na skwadi ya watu 6 ipangweje?

Mwanga_Kusini
Wakuu, habari zenu. Tunacheza Hell Let Loose, mchezo wa video wa vita, tukiwa skwadi (kikosi) ya watu 6, mimi ndiye Ofisa, yaani kiongozi wa skwadi. Kila nikitoa saa ya mkononi kujenga garisoni (kituo ambapo waliokufa wanarudi mchezoni), mchezo unanikatalia. Ikikubali, baada ya dakika chache inakuwa nyekundu na hakuna anayeweza kuingilia hapo, kwa hiyo tunatembea kutoka makao makuu kila tukifa. Je, shida ni mahali ninapojenga au ni mgawanyo wa majukumu? Kwa sasa tuna Ofisa, Daktari, mpiga bunduki ya rashasha na watu watatu wenye bunduki za kawaida.

Korosho77
Mkuu, shida ni vyote viwili, ila kubwa ni kwamba huna Sapoti. Garisoni hailetwi na saa yako peke yake. Lazima pawe na vifaa 50 karibu na unaposimama, na Sapoti ndiye anayebeba sanduku la 50. Anaweka sanduku chini, wewe unatoa saa, unajenga hapo hapo. Ukiwa upande wa adui, yaani eneo jekundu kwenye ramani, gharama inapanda hadi 100. Sanduku moja halitoshi, na skwadi inaruhusiwa Sapoti mmoja tu. Kwa hiyo ongea na Ofisa mwenzako kwenye chaneli ya maofisa alete Sapoti wake, au mwombe Kamanda, mkuu wa timu nzima, adondoshe vifaa kwa ndege.

Sharti la pili ni umbali. Garisoni mbili za timu moja hazikai chini ya mita 200. Fungua ramani: mraba mmoja mkubwa ni mita 200 kwa 200, upime kwa macho kabla ya kutembea. Na timu nzima ina kikomo cha garisoni 8. Zikijaa, hata uwe na vifaa vingi namna gani hujengi.

FundiMitambo_TZ
Niongeze la wekundu, maana ndilo linalopoteza mechi. Adui akiwa ndani ya mita 100 ya garisoni, inajifunga. Haijavunjwa, ila watu hawawezi kuingilia hapo mpaka adui auawe au aondoke. Wengi wanaijenga katikati ya eneo linalogombaniwa, na hapo ndipo adui anapokuja. Akifika mtu mmoja tu akalala kwenye kichaka, imefungwa. Ijenge mita 150 hivi pembeni au nyuma ya eneo, nyuma ya ua mnene au jengo, ili watu waingie wakiwa wamefichwa. Ramani ya Carentan ina kona nyingi za kufaa. Ramani ya Kursk ni tambarare, kwa hiyo tafuta bonde au handaki.

Halafu usikae na moja. Jenga ya pili nyuma kabisa, ya akiba. Ya mbele ikivunjwa, timu nzima haianzi upya makao makuu.

Mwanga_Kusini
Asante sana. Na OP (Outpost)? Nimekuwa nikiiona kama mbadala wa garisoni.

Korosho77
Si mbadala. OP haidai vifaa, unaiweka kwa saa ile ile, lakini ni ya skwadi yako tu. Watu huingia kwa mawimbi ya sekunde 20, wakati garisoni ni sekunde 40 na inatumiwa na watu wote 50 wa timu. Ukiweka OP mpya, ya zamani inaondoka, kwa hiyo isogeze kadiri mnavyosonga mbele. Weka OP karibu na mapigano, garisoni nyuma yake kidogo.

Bahari_Mbili
Kuhusu mgawanyo: Ofisa, Sapoti, Daktari, Injinia, mpiga vifaru, na wa sita rashasha au bunduki ya kawaida. Hao watatu wa bunduki za kawaida wapunguze. Mmoja anafaa kwa sababu ana sanduku la risasi, watatu ni wengi mno. Daktari ndiye pekee anayeweza kuinua aliyeanguka, kwa mofini. Bandeji ya kila mtu inazuia kuvuja damu tu. Arushe bomu la moshi kati ya majeruhi na mpiga risasi *kwanza*, ndipo akimbie. Ukimwona Daktari anakimbilia mwili uwanjani bila moshi, hesabu watu wawili wamekufa.

Injinia asiende mbele dakika za kwanza. Ajenge vituo vya rasilimali karibu na makao makuu: nguvukazi, risasi na mafuta, kila kimoja vifaa 50, jumla 150. Lori la vifaa lipo makao makuu, litumieni. Bila hivyo Kamanda anapungukiwa na rasilimali za kuitia vifaru na ndege.

FundiMitambo_TZ
Hapo natofautiana kidogo na Bahari_Mbili. Kama skwadi nyingine tayari inajenga vituo, Injinia wako abaki nawe na mabomu ya kutegwa barabarani. Uliza kwenye chaneli ya maofisa sekunde ya kwanza ya mechi, "Nani anajenga vituo?" Kukiwa kimya, mtume wako.