Mzee ana tatizo la figo, maharage na mnafu anaruhusiwa? Naombeni ushauri

Mtoto wa Kibosho: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mzee wangu kaambiwa figo zimeshuka. Kwetu Moshi ni kiburu cha ndizi na maharage, mboga ya mnafu, mtori wa ndizi na nyama, tumekulia hapo. Huyu ananiambia maharage ni sumu, yule anasema ale tu. Nimpe nini? Hata usingizi sipati.

Mpare wa Sakina: Pole mtani. Mchaga akinyimwa ndizi si anahama mkoa? Mpe makande 😀

Mama Wawili: Baba mkwe wangu tulimnyima maharage, tukampeleka Arusha kwa wifi. Wifi ana bucha, nyama asubuhi na jioni, miguu ikavimba hadi viatu vikagoma. Nikiuliza, naambiwa nina wivu. Mawifi nitawafungulia uzi wao.

Nesi Mstaafu: Mleta mada, "zimeshuka" haitoshi. Potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, ni ngapi? Kashaanza kusafishwa damu?

Mtoto wa Kibosho: Hajaanza. Namba sikumbuki vizuri.

Nesi Mstaafu: Karatasi unayo. Isome.

Mtoto wa Kibosho: Potasiamu 6.1, ya juzi. Ila anatumia unga wa mlonge, vijiko viwili kwenye uji, na anasema anajisikia mwepesi. Siwezi kumwachisha ghafla, hela imeshatoka.

Kaka Mkubwa: Hii chai, stori ya kutunga, tena ina tangawizi. Kajiunga jana, mlonge umeingia katikati ya uzi, sasa hivi inafuata bei na namba ya simu.

Mtoto wa Kibosho: Niuze mlonge mimi fundi magari? Aliyetuuzia nimemtafuta tangu jana hapokei.

Nesi Mstaafu: Iwe chai isiwe chai, wapo wenye wagonjwa wanasoma. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Ikifika 6 na zaidi moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Unga wa majani ya mlonge umejaa potasiamu. Acha leo hii, na mpeleke hospitali usiku huu wampime upya, na moyo pia.

Chakula ni baadaye, potasiamu ikishatulia. Maharage si sumu, hata fosforasi yake, madini mengine yanayowasumbua wenye figo, mwili hauichukui yote kama ile inayotiwa kwenye soseji na soda nyeusi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mengi, mwaga tena, kisha pakua kidogo. Ndizi menya, katakata, chemsha, mwaga. Haiishi yote, inapungua. Mtori ndio mgumu, maana maji yote yanabaki sufuriani. Mnafu chemsha umwage, kabichi ina nafuu. Magadi acheni, ni sodiamu, inapandisha presha. Na zile chumvi mbadala msiguse, nyingi ni potasiamu tupu.

Mtoto wa Kibosho: Mama bila magadi anasema maharage hayaivi.

Mpare wa Sakina: Mtani, umeambiwa moyo, wewe unajibu magadi? Usafiri unao?

Mtoto wa Kibosho: Gari la mteja lipo. Mzee ndiye hataki, anasema mpaka ale kwanza.