Naomba ushauri: nampelekea maziwa jirani tunayegombania mpaka

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba huku Kilimanjaro, na miaka 3 iliyopita jirani yangu aling'oa masale, ile mimea ya mpaka, yaliyotenganisha vihamba vyetu (mashamba yetu ya ukoo) tangu enzi za babu zetu, akayapanda upya hatua 6 ndani ya kwangu. Shauri liko kwenye baraza la ardhi.

Mwezi uliopita alianguka kutoka mtini akavunjika nyonga, na kwa kuwa watoto wake wote wako mbali, nimekuwa nikimpelekea mkewe lita moja ya maziwa kila asubuhi na kuwakatia ng'ombe wao majani. Yeye mwenyewe hanijibu. Jana nilipomsalimia aliugeukia ukuta.

Kinachonisumbua si ukimya wake, bali moyo wangu. Mtume Paulo, katika Warumi 12:20, anaagiza adui mwenye njaa alishwe, kisha anataja makaa ya moto kichwani pake. Nami jana, nilipoiweka chupa ya maziwa kizingitini, nilijikuta nikiifurahia aibu yake. Je, huo bado ni upendo? Aidha, mke wangu anasema kwamba nikiendelea na kesi, maziwa yale ni unafiki, ilhali mimi naona kuiacha ni kuwanyima wanangu haki yao.

Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuyapitia haya: niendelee na yote mawili, au nimpelekee jani la sale, ambalo kwetu Wachaga ni ombi la msamaha, ingawa mkosaji si mimi?